Njia ya Kuikwepa Meza Yangu

Mchango wangu wa kwanza katika ujenzi wa barabara kuu za nchi hii ulikuwa kukaa kwenye kiti. Siku saba, tangu jua linapochomoza hadi linapozama, nikiwa na penseli, kibao cha kubania karatasi na chupa ya chai. Wajukuu wa dada yangu wanapenda kuniuliza nilijenga barabara gani, na nikiwajibu kwamba nilikaa, wanadhani nawatania. Watu wakiona lami hufikiri ilianza na katapila. Haianzi na katapila hata kidogo. Inaanza na mtu aliyekaa kando ya njia akihesabu nani anapita.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria, ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutoka Mwanza, kila mmoja na mizani yake, na Bariadi ikajaa vitu ambavyo nyuma kidogo tulikuwa tukivisikia tu: soda za kila rangi, betri za redio, mabati, mitumba ya kuchagua mwenyewe. Simiyu haikuwa mkoa bado. Tulikuwa pembeni kabisa mwa mkoa wa Shinyanga, na ombi letu la greda lilifika makao makuu likiwa limechoka kuliko greda lenyewe. Mimi nilikuwa fundi sanifu katika ofisi ya ujenzi, mwanamke peke yangu, na kila wiki ilikuja habari mpya ya nani anapunguzwa kazi.

Barabara iliyotuuma ni ile ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi, inakokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kiangazi ilikuwa vumbi, hilo tulilizoea. Masika ndiyo yaliyotutia adabu. Kuna sehemu inapita katikati ya mbuga, udongo mweusi unaonata, na hapo lori likizama lilikuwa linazama na ratiba ya kila mtu. Abiria wa basi walishuka wakavua viatu, wakavishika mkononi, wakatembea. Wenye akili walivua viatu kabla ya kupanda.

Serikali haikuwa na fedha za kumwaga lami kila mahali. Wafadhili wangekopesha, lakini mfadhili hatoi mkopo kwa sababu umemlilia. Anataka upembuzi yakinifu, yaani kitabu kinene kinachoeleza kama magari yanayopita yanatosha kuifanya lami irudishe gharama zake kwa mafuta, matairi na muda utakaookolewa. Mshauri mmoja, mhandisi kutoka Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuandika kitabu hicho kwa barabara za mikoa kadhaa. Mimi ndiye niliyemsumbua mkuu wangu wa kazi, naye akamsumbua mshauri, mpaka barabara yetu ikapewa wiki moja ya kuhesabiwa. Ikipata magari ya kutosha, inaingia kwenye orodha na kusubiri zamu yake ya fedha. Isipopata, inafutwa, na hakuna aliyejua orodha nyingine ingetengenezwa lini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama. Mama alimwambia baba, na baba akalitangaza msibani, mbele ya watu wa vijiji vitatu, kwamba binti yake analeta lami. Sikuwepo. Niliambiwa kwamba alisimama kabisa.

Baba yangu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Alikuwa ntemi, yaani kiongozi, wa sungusungu kijijini kwetu, ule ulinzi wa wananchi ulioundwa kupambana na wezi wa ng'ombe, na filimbi yake ya chuma ilining'inia shingoni hata akiwa anakula. Ilipolia, wanaume walitoka majumbani mbio. Aliyekaidi amri alitozwa faini ya mbuzi, aliyedanganya mkutanoni alitozwa fahali, na baba hakuwa na ndugu wala rafiki katika mambo hayo. Alikuwa na mashamba ya pamba, mkokoteni wa magurudumu ya gari, na ng'ombe ambao hakuna aliyejua idadi yao. Hakuruhusu wahesabiwe. Aliamini kwamba mali ikishatajwa kwa namba inaanza kupungua. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama wanavyoingia, mmoja mmoja kwa rangi yake, na kama mmoja amekosekana alijua kabla ya mlango kufungwa. Ukimuuliza wako wangapi, alijibu neno moja: "Wapo."

Basi mtu huyo ndiye aliyeweka jina lake rehani msibani kwa ajili ya hesabu yangu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa kuweka meza. Nilitafuta sehemu tambarare kabla ya kuingia mbugani, na nikaipata nzuri ajabu: imefyekwa, imeshindiliwa, na pembeni kuna nguzo mbili imara za kufungia turubai. Kulikuwa hata na mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo, umefungiwa jiwe upande mmoja, unaonyanyuka ukiugusa. Tuliunyanyua tukauacha wima. Mwenzangu wa kuhesabu, baba wa watoto watano, mtoto wa mwenye duka pale mjini na mwenye Kisukuma chenye lafudhi ya Ujiji, alitundika koti lake kwenye ule mti akasema, "Dada, hapa Mungu ametuandalia ofisi."

Palikuwa geti la ushuru wa mazao, lililofanya kazi siku za gulio. Nilijua hivyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu, lakini akilini mwangu geti lilikuwa geti siku ya gulio tu, na siku nyingine lilikuwa nguzo mbili na kivuli. Fomu yangu ilikuwa na safu za magari madogo, pikapu, mabasi, malori, matrekta, pikipiki, baiskeli na mikokoteni. Haikuwa na safu ya akili ya mwenye kuhesabu.

Siku ya kwanza yalipita magari ambayo ningeweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono na vingine vikabaki. Basi la asubuhi, basi la jioni, gari la misheni, pikapu ya mgonjwa. Lori moja la pamba lilitokea kwenye kona, likasimama kwa mbali, likatutazama, kisha likarudi nyuma taratibu mpaka likapotea. Mwenzangu alisema labda limesahau kitu. Wanawake waliopita kwa miguu walitusalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, wakipiga magoti kabisa, na hakuna aliyesimama kupiga soga. Nyuma ya vichaka, upande wa kilimani, nilisikia tangu asubuhi milio ya ekseli kavu za mikokoteni. Nikadhani watu wanahamisha mavuno mashambani. Nikasema moyoni, hawa watu wana bidii kweli.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila pikapu ya mgonjwa haikuwepo. Siku ya tatu mshauri alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, na viatu vyake vya turubai vilibaki vyeupe kwa namna ambayo sijaielewa hadi leo. Aliangalia karatasi zetu, akaangalia barabara kulia, akaangalia kushoto.

"Dada," aliniuliza, "hii barabara ina watu kweli?"

"Ina watu. Huu ni msimu wa pamba, malori yamejaa."

"Yamejaa wapi?"

Akaniambia bila ukali kwamba yeye hawezi kuandika yaliyomo moyoni mwangu, anaandika yaliyomo kwenye fomu, na wiki ikiisha hivi ataifuta barabara yetu. Alipoondoka nililia kidogo. Mwenzangu alikwenda kusali mbali kuliko kawaida ili asinione, na kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Jioni ile sikurudi mjini, nilipanda baiskeli hadi nyumbani kwa wazazi. Jua lilikuwa halijazama. Baba alikuwa uani akipaka grisi ekseli ya mkokoteni, amechangamka, maana pamba yake yote ilikuwa imeshafika kwa mnunuzi.

"Mayu, mwadila!" aliniita. Mwadila ni salamu ya jioni, na mayu ni mama, lakini ndivyo alivyoniita mimi bintiye tangu nikiwa mdogo. "Kaa nikusimulie. Hawa wa ushuru sasa wamezidi. Zamani walikaa siku ya gulio tu. Sasa wamepiga turubai kabisa, kila siku, asubuhi mpaka jioni! Wamemweka na mwanamke, ana kitabu, anaandika kila kinachopita. Lakini wamekutana na mimi."

"Umefanyaje?" niliuliza.

"Nimepiga filimbi. Filimbi imekwenda kijiji kwa kijiji: watu wote wapite juu. Hata malori nimeyaonyesha. Yule mwanamke siku tatu anaandika upepo."

"Baba," nikasema, "yule mwanamke ni mimi."

Mama alikuwa amebeba ungo wa mtama. Aliuweka chini polepole, akakaa kando yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Baba hakucheka. Alibaki na grisi vidoleni, akinitazama kama mtu anayesubiri nimwambie ni utani. Nami nilikasirika hasa, nikamfokea baba yangu kwa mara ya kwanza maishani, nikamwambia amelifuta kwa filimbi yake mwenyewe lile alilolitangaza msibani. Nilipomaliza nikaona aibu. Yeye alifuta mikono kwa majani, akauliza jambo moja tu: "Siku zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Hao wenye kitabu wanataka nini hasa?"

Nilimweleza kwa kifupi, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nikasema barabara yetu inashindana na barabara za mikoa mingine, na inayopitwa na wengi ndiyo inayoshinda. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la tatu.

Asiyejua Usukumani hawezi kuelewa nilichokuwa nimekifanya. Kwetu, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanjani vikacheza siku moja, saa moja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi wa kutoa alama. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi linafanya kila hila iliyo halali, na nyingine ambazo si halali sana, ili watu wajae upande wake. Nilikuwa nimemwambia mzee aliyekulia katika viwanja hivyo kwamba nchi nzima iko kwenye ngoma, na sisi tunakosa watu.

Filimbi ililia alfajiri. Tulipofika mezani, mwenzangu na mimi, mikokoteni ilikuwa imepanga foleni ambayo mwisho wake sikuuona. Walikuwa wamewavisha ng'ombe njuga. Wanawake walikuwa wamejipaka mafuta, wamevaa khanga za sherehe, wamekaa juu ya magunia wakiimba. Walipita, wakatupungia mikono, wakaenda mpaka kwenye kona, wakageuza, wakarudi. Baiskeli zilipita makundi kwa makundi. Trekta moja bovu lilipita likivutwa na ng'ombe sita, na mwenzangu akaniuliza liingie safu ya trekta au ya mkokoteni.

"Andika kote kote," nikamjibu kwa hasira, na masikini akaandika kote kote.

Alikuwa na furaha, mwenzangu. Aliandika vijiti vinne na cha tano akavikata, vinne na cha tano, mpaka akaomba karatasi nyingine. Mimi nilimtambua fahali mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Alipopita mara ya nne nikaweka penseli chini. Ile hesabu ilikuwa uongo, na mimi nilisomeshwa kwa pamba ya watu hawa hawa ili niwe mtu wa kutodanganya kwa namba. Nilisimama juu ya kiti nikapaza sauti kwamba atakayepita mara ya pili simwandiki. Wakashangilia, wakadhani ni sehemu ya ngoma.

Mshauri alitokea saa nne hivi, na gari lake likakwama katikati ya foleni. Pamoja naye alikuwa ofisa wa ushuru, aliyekuja kuuliza ni nani anatumia geti lake bila ruhusa. Mshauri alishuka, akatembea kando ya ile mikokoteni hadi mezani, na alipofika alikuwa anajaribu sana kutocheka. Lakini aliposema, alisema kama mtu wa kazi.

"Siku tatu tupu, siku moja harusi," alisema. "Dada, siwezi kuandika lolote kati ya haya. Lazima nifute."

Nikajua nikinyamaza imekwisha. Nikamwambia kuna barabara hajaihesabu. Nikamweleza kwamba magari ya siku tatu yapo, yamepita, ila yamepita juu, kwenye njia ya kulikwepa geti, na njia yenyewe ikiangaliwa itasema ukweli wote. Nilikuwa nasema huku namwona ofisa wa ushuru akinigeukia taratibu.

"Nani anaijua hiyo njia?" aliuliza ofisa. "Nani ameifungua?"

Waliokuwa karibu walitazama miguu yao, na kila mmoja wao alijua jibu. Kwa watu wale ntemi alikuwa mtu asiyekwepa. Ndiye aliyewatoza mbuzi wakaidi na fahali waongo, na siri ya njia ya juu waliihifadhi kwa sababu ilikuwa siri yake. Kama angenyamaza hakuna ambaye angemtaja. Mimi mwenyewe nisingemtaja. Naandika hivi nikijua ni aibu: nilikuwa tayari barabara ifutwe.

Baba alikuwa kwenye mkokoteni wa tatu. Alishuka, akavua kofia, akamsogelea mshauri, wala hakunitazama mimi.

"Mwangaluka," alisalimia, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Njia ni yangu. Mimi nimefungua. Hawa wengine nimewaita mimi kwa filimbi. Njoo, nikuonyeshe."

Alitangulia. Nyuma yake mshauri, ofisa wa ushuru, mimi, na baada yetu watu wote, maana hakuna aliyekubali kubaki. Tulipanda kidogo kwenye mgongo wa kilima, na hapo kwenye udongo wa luseni, ule wa kichanga usiosumbuka na mvua, ilikuwepo barabara. Siyo njia ya mbuzi. Barabara. Mifereji miwili ya magurudumu, imechimbika kina cha kufika kwenye muundi wa mguu, na kando yake alama za matairi ya malori, mapya na ya zamani. Kwenye miiba ya migunga, pande zote mbili, vishungi vya pamba vilikuwa vimenasa kutoka kwenye magunia, vyeupe, tangu tulipoanzia hadi macho yalipoishia. Mshauri alivigusa kimoja kimoja kwa muda mrefu.

Baba alikuwa akionyesha kwa fimbo. "Hapa palikuwa na kisiki, nimeking'oa. Hapa ni daraja." Lilikuwa daraja la magogo juu ya korongo, limefungwa kwa kamba za ngozi, na lori lilikuwa linalipita. "Hili ni mimi na mdogo wangu, kiangazi kimoja." Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa na aibu na majivuno kwa pamoja, na mimi fundi sanifu niliinama kulichungulia lile daraja chini nikakosa la kulirekebisha.

Kilichomaliza kazi ni mama muuza uji. Tulimkuta mbele kidogo ya korongo, ana kibanda cha nyasi, mabenchi manne, uji na mihogo ya kukaanga, na kwa chaki ameandika kwenye ubao bei ya kuziba pancha, maana mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Alituambia yupo pale msimu wa tatu. Mshauri alikaa kwenye benchi, akaagiza muhogo, akala.

"Mtu hafungui biashara mahali wasipopita watu," alimwambia ofisa wa ushuru, ambaye naye alikuwa ameshashika kikombe cha uji. "Dada, hamishia meza yako hapa. Siku tatu zilizobaki, na kila mtu apite alipokuwa anapita, mara anazopita. Mzee, unaweza kuhakikisha hilo?"

"Naweza," alisema baba. Kisha akavua filimbi shingoni, akaipuliza mara moja, fupi, na watu wakaenda zao kufanya kazi.

Tulihesabu siku tatu kwenye kibanda cha uji. Nilinenepa. Namba zilitosha, na zilikuwa za kweli, kila kijiti.

Siku ya pili yake sungusungu walikutana. Wanawake hatukai katika mikutano ile, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa na baba mdogo. Baba alisimama akajishtaki mwenyewe: ametoza watu faini kwa kukwepa amri, na yeye amekwepa. Wakamwambia yaishe. Akakataa yaishe. Akajitoza fahali, mkubwa kuliko aliyewahi kumtoza mtu yeyote, na kijiji kikala nyama siku mbili, kikimtania mpaka naye akaanza kucheka. Wanasema hata ofisa wa ushuru alipata kipande. Lakini nyama ilipoisha, baba alimkabidhi mwingine filimbi. Walimrudishia mara mbili na mara mbili akaikataa. Nilizoea kumwona na ile filimbi kifuani, na kwa miezi mingi baada ya hapo mkono wake ulikuwa unapanda kuigusa, haipo, unashuka.

Barabara iliingia kwenye orodha. Nisiseme kwamba lami ilikuja kesho yake, maana nitakuwa nimedanganya. Ilisubiri: mkopo huu ukawa mgumu, mfadhili yule akabadili nia, usanifu ukarudiwa, kitabu kikachapwa upya na jalada la rangi nyingine. Nilipandishwa cheo, nikahamishwa, nikarudi, Simiyu ikawa mkoa, nami nikastaafu. Kila likizo baba aliniuliza, "Upembuzi umefika wapi?" na neno hilo, upembuzi, likaingia katika lugha ya nyumbani kwetu. Mtu akichelewesha chakula, tulisema yuko kwenye upembuzi. Katapila lilipokuja hatimaye, lilipanda kilimani. Mshauri aliandika katika kitabu chake kwamba mgongo ule ni mkavu na unafaa kuliko mbuga, na waliokuja baada yake wakaona hivyohivyo. Sehemu ile, lami inapita alipopita baba.

Mwaka uliofuata nilikuwa nampeleka Lamadi kuona jamaa. Alikuwa mzee sana sasa, fimbo mbili, masikio yamechoka, lakini kila daraja tulilopita alinitajia lilikuwa nini zamani. Tulipofika karibu na pale penye korongo nikaona turubai kando ya barabara, meza, na binti mmoja amekaa na kibao cha karatasi. Nilicheka peke yangu. Walikuwa wanahesabu tena, kwa ajili ya mpango mwingine.

"Simama," alisema baba.

Nikadhani anataka kujisaidia. Alishuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akaiendea ile meza kwa hatua zake ndogo, kifuani patupu, pale ilipokuwa filimbi. Yule binti alisimama kumwamkia.

"Niandike," baba alimwambia.

"Shikamoo babu. Hapa tunahesabu magari tu. Wa miguu hawamo kwenye fomu."

"Mimi nilipita hapa kabla ya magari. Siku ile sikuandikwa. Niandike."

Binti akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akainama, pembeni mwa karatasi, nje ya safu zote, akachora kijiti kimoja. Baba aliinama naye mpaka uso ukakaribia meza, akakitafuta, akakiwekea kidole.

"Mmoja," akasema kwa sauti.